Mdogo wangu analala amelewa, alfajiri anabeba abiria

Shikamoo Somo,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, naishi Makorora hapa Tanga, nauza kanga na vitenge. Mwaka juzi nilivunja akiba yangu ya kikoba, nikaongeza pesa ya kiwanja alichotuachia marehemu baba, nikanunua Hiace. Inapiga Tanga–Muheza. Dereva ni mdogo wangu, tumbo moja. Hesabu ni shilingi 45,000 kwa siku, Jumapili ni yake. Hesabu hiyo ndiyo inayonunua dawa za presha za mama na kulisha nyumba mbili. Mdogo wangu ana watoto watatu.

Somo, mdogo wangu anakunywa. Kwetu pombe haijapata kuvuka kizingiti, na yeye mwenyewe kasoma madrasa mpaka akahitimu. Kwa hiyo anakunywa kwa kificho, mbali na mtaa. Akishafunga hesabu anaanza saa 12 jioni, saa 5 usiku ndiyo anarudi. Wifi anamwamsha saa 10 alfajiri, anaoga maji ya baridi, anakunywa kahawa chungu, anatafuna pipi za mnanaa, na saa 10 na nusu anawasha gari. Siku nyingine konda anasema anakuwa na mirungi mfukoni ya kumfumbua macho. Hayumbi, haropoki. Wifi husema, "Kishalala huyo, pombe imeshaisha."

Miezi miwili iliyopita, saa 11 na robo alfajiri, karibu na Pongwe, alimgonga kwa nyuma kijana wa bodaboda. Kijana alivunjika mfupa wa muundi. Trafiki walifika wakapima barabara na kuchora ramani, lakini hakuna aliyempulizisha mdogo wangu kipimo cha ulevi. Pikipiki haikuwa na taa ya nyuma wala reflekta. Familia zetu zikakaa, tukawapa 600,000 za matibabu na matengenezo, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba yamekwisha. Yule kijana ndiye aliyetuomba radhi, Somo. Alisema kosa ni lake kwa kutembea gizani bila taa.

Wiki tatu baadaye konda alinijia dukani, akaniambia usiku wa kuamkia ajali mdogo wangu alikunywa bia 6, na kwamba asubuhi ile hakuiona kabisa ile pikipiki. Konda ndiye aliyepiga kelele, na breki ilikanyagwa baada ya kelele.

Nilipomkabili mdogo wangu alilia, akaapa ataacha. Siku mbili hakugusa. Mikono ikawa inamtetemeka, jasho linamtoka kama mwenye homa, hali wala halali. Siku ya tatu akarudia. Mama anasema katupiwa jicho, kamtafutia kombe, maji ya aya za kunywa, na ananiambia, "Ukimnyang'anya gari umemuua mwanangu." Yule kijana naye bado yuko nyumbani anajiuguza, mguu haujaunga sawasawa, daktari anataka afanyiwe upasuaji awekewe chuma. Pesa imekwisha na hajui lolote.

Nimnyang'anye mdogo wangu funguo? Nimwambie kijana ukweli? Nikisema, si ndiyo nitakuwa nimemfunga ndugu yangu kwa ulimi wangu?

Dada mtu, Makorora

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza mambo mawili, ya funguo na ya ukweli, lakini barua yako ina la tatu ambalo hukuliuliza, nalo haliwezi kusubiri. Mtu anayetetemeka mikono, kutoka jasho na kukosa usingizi siku mbili baada ya kuacha pombe, mwili wake umeshaizoea kiasi kwamba ikikatwa ghafla unapata misukosuko. Watu wengi wangekwambia hakuwa na nia ya dhati. Mimi nasoma dalili za ugonjwa. Kuacha ghafla kwa mtu wa namna hiyo kunaweza kuleta degedege, mara nyingi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne inaweza kuja hali mbaya zaidi: kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, homa, na wengine hufariki. Kwa hiyo msimfungie chumbani aache kwa nguvu za kiapo. Aanzie hospitali. Bombo ni hospitali ya rufaa ya mkoa wenu, mwende mkaulizie kitengo cha afya ya akili. Hapo daktari humpa mgonjwa dawa ya kutuliza inayopunguzwa dozi siku hadi siku, kwa kawaida ndani ya wiki moja, pamoja na vitamini B1, kwa kuwa mlevi wa muda mrefu huishiwa nayo na ubongo ukaumia. Ikihitajika kulazwa mbali na macho ya mtaa, iko hospitali ya Lutindi upande wa Korogwe, ya siku nyingi sana katika maradhi haya. Kombe la mama lisikugombanishe naye. Anywe kombe, na aende Bombo.

Waulize wifi na konda jambo moja: je, asubuhi huwa anazimua? Nina maana anapiga kidogo alfajiri ili mikono itulie? Kama ndiyo, mwambieni daktari bila kuficha, maana dozi hutegemea hilo.

Sasa turudi kwenye neno la wifi, "kishalala, pombe imeshaisha." Neno hili limewapa nyote usingizi, nami ningependa tulipigie hesabu.

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe tupu. Kwa mwanamume wa kilo 70, kila chupa hupandisha kiwango cha pombe kwenye damu kwa takriban miligramu 40 katika kila mililita 100. Ini nalo huipunguza kwa takriban miligramu 15 kwa saa, ikizidi au kupungua kidogo kati ya mtu na mtu. Ini halina gia. Kahawa haiongezi kasi yake, wala maji ya baridi, supu ya pilipili au jasho. Kahawa inamfanya mlevi awe macho, basi. Pipi ya mnanaa inaficha harufu ya mdomoni wakati pombe inatoka mapafuni. Mirungi, mbali na kuwa ni dawa ya kulevya kisheria hapa nchini, inaondoa usingizi huku ikimwacha mtu na wepesi uleule wa kupima vibaya umbali, na zaidi inampa ujasiri.

Chukua bia 6: miligramu 240. Toa saa 5 za kunywea, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 5 usiku, ambazo ini limeondoa kama 75. Analala akiwa na 165. Saa 10 na nusu alfajiri anapowasha gari ana kama 83. Saa 11 na robo pale Pongwe ana kama 71. Ingemlazimu kusubiri mpaka saa 4 asubuhi ndipo awe mtupu kabisa.

Kiwango cha mwisho ambacho Sheria ya Usalama Barabarani, ile ya 1973, imewawekea madereva kwa jumla ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Kwa hiyo alivyotoka nyumbani alikuwa kwenye mstari au juu yake kidogo, na alipomgonga yule kijana huenda angepuliza kipimo akaonekana yuko chini ya mstari. Nakuomba ulitafakari hilo, kwa sababu najua litakuja kusemwa kama utetezi. Lakini 80 si mpaka kati ya mzima na mlevi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi 50 kwa madereva wote, na 20 kwa vijana na wanaoanza. Uingereza iliweka 80 mwaka 1967, ila Uskoti ikashusha hadi 50 mwaka 2014. Na hata sheria yetu, kando ya namba, inamhesabu kuwa na kosa dereva ambaye ulevi umemfanya ashindwe kulimudu gari.

Kwenye kiwango cha 70 mtu hayumbi. Anaongea vizuri, anahesabu chenji. Kinachopungua ni kugawa macho, yaani kuangalia barabara na pembeni kwa pamoja, kung'amua kitu hafifu gizani, na wepesi wa mguu kutoka mafuta kwenda breki. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hula mita 14 kila sekunde. Nusu sekunde ya kuchelewa ni mita 7, zaidi ya urefu wa Hiace yenu. Ongeza na usingizi wa saa 5 tu. Konda aliiona pikipiki, dereva hakuiona, na wote wawili walikuwa kwenye giza moja. Sisemi taa ya nyuma haikuwa na kazi. Mahakama nayo huweza kugawa uzembe kati ya pande mbili. Ila yule kijana amejibebesha mzigo wote peke yake, na hilo ndilo linalokunyima raha, hata kama umeliandika kama swali la sheria.

Umesema yamekwisha mbele ya mwenyekiti. Yamekwisha kwa nani? Shilingi 600,000 mlizitoa mifukoni, na kwa nia njema. Lakini gari lako lina bima, walau bima ndogo, ambayo sheria inailazimisha kwa sababu ya watu kama yeye: mtu wa tatu aliyeumizwa na chombo chako. Mlipomalizana kienyeji, mliuweka pembeni mlango uliojengwa kwa ajili ya upasuaji huo anaouhitaji leo. Dai la madhara mwilini linaweza kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3. Bima, kwa upande wake, inataka taarifa mapema, na miezi miwili ni mingi tayari. Karatasi zinazohitajika ni PF3 ya majeruhi, yaani fomu ya polisi ya matibabu, taarifa ya polisi, ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari na vyeti vya hospitali pamoja na risiti zote. Kwa kuwa trafiki walifika, sehemu kubwa ya hayo ipo kwenye jalada. Ile karatasi ya mwenyekiti mpelekeeni mwanasheria, au msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, aisome kabla ya mtu yeyote kujaza fomu.

Njia hii ina miiba, nami sitaifunika. Fomu ya bima huuliza hali ya dereva, na kuandika uongo humo ni kosa jipya juu ya la zamani. Mikataba mingi ya bima kubwa ina kifungu kinachofuta fidia ya gari lako dereva akiwa amelewa. Kampuni ikishamlipa majeruhi inaweza pia kukugeukia wewe irudishiwe, kutegemea maneno ya mkataba. Na polisi wanaweza kulifungua upya jalada. Kuhusu hofu yako ya kumfunga ndugu yako: kipimo hakikuchukuliwa, na damu ya leo haiwezi kueleza ya miezi miwili nyuma, kwa hiyo kilichobaki ni maneno ya walioona. Muulize mwanasheria hayo yana uzito gani, kabla hujajihukumu kuwa ulimi wako ni pingu.

Kuna njia ya katikati, nayo ni kwenda kwa kijana mkiwa wawili, wewe na mdogo wako, baada ya kuonana na mwanasheria, mkamwambia kwamba kosa halikuwa lake peke yake na kwamba ana haki ya bima. Maneno hayo yakitoka kinywani mwa mdogo wako yana uzito kuliko yakitoka kwako. Hatari yake ni kwamba ndugu wa kijana wanaweza kukasirika, na haki yao kukasirika ipo. Njia nyingine ni kugharamia upasuaji kimya kimya. Mguu utapona, ila yeye ataendelea kuamini alijivunja mwenyewe, na siri itabaki mikononi mwa konda, wifi, mama na wewe. Siri ya watu wanne mjini Tanga hudumu muda gani, wewe unajua kuliko mimi.

Tuje kwenye funguo. Unazungumza kana kwamba ni mawili tu, kumwachia gari au kumtupa. Nadhani mama ndiye aliyelipanga hivyo, kwa uchungu wa mama. Kuna nafasi nyingi hapo katikati.

Kwanza, kipindi cha matibabu haendeshi hata kidogo, kwa kuwa zile dawa za kutuliza nazo huleta usingizi. Tafuta deiwaka, yaani dereva wa kibarua wa kutwa. Hesabu yako itapungua, tuseme unabaki na 25,000 au 30,000 baada ya kumlipa, na ni bora mama ajue mapema kwamba miezi miwili mitatu nyumba itabana. Deiwaka naye si malaika. Kagua leseni yake kama ina daraja la kubeba abiria, uliza alikotoka, na andikianeni mkataba. Ukimchukua mtu kijiweni Kange kwa haraka, unaweza kubadilisha mlevi unayemjua kwa usiyemjua.

Pili, jiulize ratiba ya gari inafanya nini kwake. Tripu ya saa 10 na nusu ndiyo yenye hatari zaidi, na ndiyo inayofikisha hesabu. Baadhi ya wenye magari humpa deiwaka tripu mbili za alfajiri, dereva wao akaanza saa 4. Inasaidia kwa mtu anayekunywa kidogo. Kwa mdogo wako, kabla ya tiba, naiogopa, kwa kuwa akijua anaanza saa 4 anaweza kunywa mpaka saa 8 usiku, na hesabu yetu ya miligramu ikaanza upya.

Tatu, kipima ulevi cha mkononi. Vinauzwa, lakini vile vya bei ya chini hudanganywa na harufu nyingine na hupoteza usahihi baada ya miezi michache. Vyenye kihisio cha kemikali ya umeme ni vya kuaminika zaidi, navyo pia vinahitaji kusahihishwa kila miezi 6 hadi 12. Mtu asubiri dakika 15 bila kunywa, kula wala kusukutua, kisha apulize mfululizo mpaka mlio ukatike. Angalia kipimo kimeandikwa kwa damu au kwa pumzi, watu wengi hukosea hapo. Waingereza huhesabu mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi kuwa sawa na miligramu 80 za damu, kwa hiyo anayesoma 35 akidhani yuko chini sana, yuko mstarini. Na kama utakitumia, kanuni ya gari lako iwe sifuri, iandikwe kwenye mkataba pamoja na nani anapima na nini kinafuata isiposoma sifuri. Ukiweka 80, utamfundisha kunywa mpaka 79. Tembo la mnazi ndiyo usijaribu kulihesabu kwa glasi: lililogemwa asubuhi na la jioni si kinywaji kimoja, maana linaendelea kuchacha ndani ya kibuyu.

Ukimnyang'anya moja kwa moja, ndiyo, umewaondolea abiria wako hatari. Lakini ana leseni na anajulikana stendi, kesho anaweza kukalia usukani wa tajiri mwingine asiyejua unayoyajua. Ukimrudishia bila masharti, huwezi tena kusema hukujua. Mwenye gari huweza kuwajibika kwa uzembe wa dereva wake akiwa kazini. Hata hivyo nadhani linalokutesa ni kijana wa Pongwe, na anayefuata baada yake.

Mama unamjua wewe. Ningependa tu ujaribu kuketi naye ukiwa na wifi, si peke yako. Wifi ndiye anayemwamsha saa 10, na hajawahi kupewa nafasi ya kusema anaona nini. Mwonyesheni mama zile hesabu za saa kwenye karatasi, taratibu. Mtu anayeamini mwanawe katupiwa jicho anaweza bado kukubali kwamba ini lake linahitaji saa 16, tangu glasi ya kwanza, kuzimaliza bia 6.

Na konda. Kijana huyo alikuja dukani kwako akijua anaweza kukosa kazi. Mdogo wako akishajua nani kasema, atataka kumwondoa. Zungumza nao hilo mapema, na umwambie konda wazi kwamba alfajiri yoyote akiona dereva hayuko sawa, ana ruhusa yako ya kushika funguo na kukupigia simu, na kwamba siku hiyo posho yake utailipa wewe.

Ukishatoka Bombo, niandikie. Na unieleze mguu wa yule kijana unaendeleaje.

Somo wako